Jina Chini ya Ua

Mke wangu Loise ameandika kuliko mtu yeyote ninayemjua, na jina lake haliko popote. Ndiyo kazi yake: anakaa hapa Kaloleni, Voi, jasho likimtoka, anawaandikia Wazungu jinsi ya kuondoa theluji juu ya paa. Anauza makala mtandaoni, pamoja na picha na linki za kuthibitisha maneno yake, kisha mnunuzi anaweka jina analotaka. Mama yake, anayelima juu milimani, pahali ambapo mtaelewa kwa nini sipataji, humuuliza kila tukipanda, "Na lako litatoka lini?" Loise hucheka. Mimi mumewe nakijua kicheko hicho, swali linamuuma.

Mwaka huu aliagizwa makala kuhusu ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hao hulitunza kwenye vyungu dirishani. Akitafuta picha, akafungua linki moja, akaniita.

"Vincent, njoo usome. Hili ua asili yake ni huku kwetu. Kwa mama!"

Nilimwambia mtandao una uongo mwingi. Tulipanda hata hivyo, mimi nikinung'unika njia nzima. Mama alitutangulia msituni, akiruka mizizi na kunicheka nilivyohema, hadi kwenye mwamba unaochuruzika maji ndani ya ukungu.

"Si ni haka tu?"

Lilikuwa hapo. Majani yenye vinyweleo, maua ya zambarau yenye kitovu cha manjano, yameng'ang'ania jiwe. Mimi si mtu wa kustaajabia maua, ua haliliwi. Lakini nilivua kofia. Watu wa mbali wanalinunua dukani, na hapa lilikuwa limekaa tangu kabla ya babu zetu, bila kumwagiliwa na mtu. Mungu ana mambo. Loise alipiga magoti kwenye matope akalia, kisha akapiga picha.

Mnunuzi alifurahi mno. Akaandika kwamba safari hii jina la Loise litatokea chini ya picha, ila kila picha lazima iwe na linki ya ilikotoka. Kwa kuwa hii haikutoka mtandaoni, atume linki ya ramani, pale penyewe.

Loise alikaa mbele ya kompyuta mpaka chai ikapoa. Tulijua wangekuja watu na visu kuyang'oa wakauze, wakwangue ule mwamba ubaki mtupu.

"Tuma tu," nikamwambia. "Ni jina lako!"

Alinitazama hadi nikaona haya. Akampigia mama simu, akamweleza.

"Kwenye huo msitu wazee hawakuokota hata kuni," mama akasema. "Lakini jina ni lako, mwanangu. Amua wewe."

Akaandika: picha nimepiga mimi, mahali sitasema, kama haifai, iache.

Jibu halikuja. Siku moja tukaona makala imetoka. Mwandishi alikuwa mwingine, kama kawaida. Lakini chini ya ua paliandikwa: Picha, Loise Mwandawiro, Milima ya Taita. Milima makala ilishaitaja; mwamba wetu haukutajwa.

Tukampelekea mama makala hiyo kwenye simu. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole. Kisha akaligusa lile jina kwa kidole chenye udongo, vile alivyotuona tukigusa linki, akangoja.

"Halifunguki, mama," Loise akasema.

"Vizuri," mama akajibu, na kidole hakukiondoa.