Kura ya Mama Iliyokataliwa

Mama alivunjika nyonga, akawa kitandani kwa dada yake, kule Mambrui. Fleti yake ilikuwa Malindi mjini, katika jumba lenye fleti nane, kila moja na mwenyewe. Ukaitishwa mkutano wa wenye fleti. Jirani yetu wa orofa ya juu alitaka ruhusa ya kujenga chumba chake juu ya paa, pale wanawake wote walipoanika nguo. Mama hakutaka hata kusikia.

"Nenda wewe, mwanangu, ukapige kura kwa niaba yangu," aliniambia, akaomba kalamu.

Aliandika barua ya idhini akiwa amelala ubavu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani. Kila mstari alitua kwanza, akameza maumivu.

Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu kutoka bara. Aliigeuzageuza barua.

"Hii siwezi kuisoma."

"Ni Kiswahili, bwana. Nitakusomea."

"Wewe ndiye unayetaka kura. Asome mwingine."

Wengine mle ndani walikuwa watu wa bara na Wataliano wawili. Aliyebaki ni yule jirani, aliyesoma chuo kimoja na mama. Barua za jamaa zetu wa Lamu, mama alipokuwa hana miwani, yeye ndiye aliyetusomea.

"Ami, tafadhali," nikasema; ndivyo nilivyomwita tangu utotoni, kama ndugu wa baba.

Aliichukua. Niliyaona macho yake yakienda, kulia kwenda kushoto, mstari baada ya mstari, mpaka kwenye sahihi.

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri," akasema, akanirudishia.

Wanne waliafiki, watatu wakakataa. Kura ya mama ingeleta sare, na kwa sare ombi lilikuwa linaanguka.

Nilirudi Mambrui jioni ile ile.

"Wamesema haisomeki," nikamwambia.

"Na ami yako hakuwapo?"

"Alikuwapo."

Akageuza uso ukutani. Mimi nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye. Kwa nini sikusema mbele ya watu kwamba ameisoma yote? Adabu ilinifunga mdomo, na sikuwa na adabu nyingi hivyo siku nyingine.

Mama alirudi mjini akitembelea mkongojo, akakuta chumba kimekwisha. Nguo tukawa tunaanika kwenye vyuma vya ngazi. Ami alipopita na kumjulia hali, mama alimjibu vizuri, akauliza habari za watoto. Mimi nilitoa shikamoo kwa kuwa ilinilazimu, nikitazama viatu vyake.