Ua Lililochomoza Uani kwa Jael

Kila asubuhi jirani yake Jael hapo Mikindani hutoka amejifunga leso, mkononi ana kikombe cha maji aliyooshea mchele, akayanyunyizia maua yake yaliyomo kwenye makopo ya rangi. Hugusa majani kwa mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto homa, na hakuna ua lisilomchanulia. Jael, ambaye mawaridi yake aliyoyatoa bara yalikauka yote, humtazama dirishani roho ikimuuma. Basi masika yalipoanza, na ua jekundu la mviringo kama mpira likachomoza uani kwake bila jani hata moja, alimwita mama huyo makusudi, huku akiomba ashindwe kulitambua. Yule mama alichuchumaa, akapekua udongo kwa vidole viwili mpaka ukaonekana mzizi uliovimba kama kitunguu.

"Jina lake silijui, mwanangu," alisema, na Jael akaona raha. "Ila kitunguu hichi nilikifukia mimi mwaka jana, mawaridi yako yalipokufa. Nilikuonea imani."

Jael alishukuru. Alipobaki peke yake alichukua jembe, akasimama nalo mbele ya lile ua, na ua lilikuwa zuri vilevile.