Skafu ya rangi mbili yampa fundi kibarua kigumu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Alhamisi. Skafu ya satini ya zambarau yenye pindo la buluu iko mezani, imefumuliwa upande mmoja. Kando yake ipo nyingine, ya buluu yenye pindo la zambarau. Hiyo nayo imekataliwa.

Aliyezishona zote mbili ana pini tatu mdomoni na anakata skafu ya tatu. Mtaani wanamwita Mama Joho, kwa kuwa ameshona majoho ya mahafali ya chuo cha jirani kwa miaka kumi na minane.

"Ya kwanza ilikataliwa na falsafa, ya pili na teolojia," anasema baada ya kuzitoa pini. "Hakuna anayekubali kuwa pindo la mwenzake."

Majoho mengine yote yako tayari, yamening'inia kwenye bomba lililofungwa ukuta hadi ukuta. Ili kufika kwenye pasi, Mama Joho huinama chini yake na kuibukia upande wa pili, kilemba kikiwa kimekaa upande.

Chuoni, skafu ndiyo inayotangaza fani ya mhitimu: zambarau kwa teolojia, buluu kwa falsafa. Mwaka huu idara hizo mbili zinatoa shahada ya pamoja kwa mara ya kwanza, na mhitimu ni mmoja tu: muuguzi wa wodi ya watoto aliyekuwa akisoma jioni. Tasnifu yake inauliza kwa nini mtoto asiye na kosa anaugua, ikiwa Mungu ni mwema na anaweza yote.

Kwa desturi ya chuo, mkuu wa idara huja mwenyewe kwa fundi kuikubali skafu ya wahitimu wake. Hii ina wakuu wawili. Mhasibu wa chuo amekwisha kumwambia Mama Joho kwamba isipokubaliwa kufikia Ijumaa, kazi ya mwaka ujao itakwenda kwa duka linalouza majoho yaliyo tayari. Kazi hiyo ni theluthi mbili ya kipato chake.

"Aliniambia dukani hakuna mijadala," anasema Mama Joho. "Nikamwambia, kaka, hata hapa kwangu ilikuwa haipo."

Saa tatu wakuu wanaingia. Wa teolojia ni mchungaji mnene, mcheshi. Wa falsafa ni mwanamama mwembamba, daktari wa shahada si wa hospitali, anayeitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Muuguzi, aliyetoka zamu ya usiku, amesimama juu ya kigoda akipiga miayo.

"Swali la mateso ni la imani," anaanza mchungaji. "Asiyemwamini Mungu hana wa kumlalamikia."

"Asiyeamini naye anaugua, Mchungaji," anajibu daktari. "Na anauliza vilevile."

"Anauliza, sawa. Jibu je?"

"Wewe unalo?"

"Ningekuwa nalo, dada yangu, leo ningekuwa askofu."

Mama Joho anauliza bila kuinua macho, "Kwa hiyo mtaalamu hapo ni nani?"

"Mimi," wanajibu kwa pamoja.

"Umewasikia, mama?" muuguzi anasema. "Hata tasnifu waliisahihisha hivyohivyo. Kila mmoja alinipa alama nzuri, kisha akaandika kuwa mwenzake hakustahili kunisahihisha."

"Sikuandika hakustahili," daktari anasema. "Niliandika kwamba si fani yake."

"Loo, ahsante sana!" anasema mchungaji.

Skafu ya tatu ina nusu mbili zilizo sawa, moja ya zambarau na nyingine ya buluu, na kiungo chake kiko nyuma ya shingo. Kiungo hicho hukatwa mshazari ili kilale vizuri, lakini satini huteleza, hivyo lazima watu wawili waishike fundi akishona. Binti yake, ambaye huwa anamsaidia, ametumwa uzi.

"Mchungaji, shika ncha hii. Daktari, ile. Mshike sawa, na msiongee. Mkiongea mikono inacheza."

Wanashika. Cherehani inakwenda, kisha inasimama. Upande wa zambarau umejikunja.

"Mchungaji, umevuta," anasema Mama Joho.

"Sijavuta. Nimeshikilia tu."

"Watu wa imani bwana," daktari anasema.

Mama Joho anafumua na kujaribu kwenye kipande cha pembeni ambacho hakuna aliyekishika. Nacho kinajikunja. Anakagua mashine.

"Nisamehe, Mchungaji. Ni mimi, uzi umekaza kupita kiasi."

"Umesikia, Daktari? Ushahidi huo."

Anaulegeza uzi. Wanashika tena, na safari hii kiungo kinalala bila mkunjo. Mama Joho anataka kumvisha muuguzi, lakini ugomvi unaanza upya: kila mkuu anataka rangi yake ikae kulia, upande wa heshima.

"Jamani, mimi nataka kulala," anasema muuguzi.

Mama Joho anamgeukia daktari. "Siku ya mahafali utakaa wapi?"

"Jukwaani. Nitakuwa namtazama usoni."

"Basi, Mchungaji, kulia kwa anayevaa ni zambarau. Daktari, kulia kwako wewe unayemtazama ni buluu."

Daktari anasimama mbele ya muuguzi, anainua mkono wa kulia na kuangalia. Anainua tena.

"Hoja inasimama," anasema.

"Nami naikubali," anasema mchungaji. "Ila nitakaa nyuma yake, isije ikabadilika."

Wamecheka wote. Muuguzi ameshuka kigodani na kwenda kulala na skafu yake mkobani.

Mama Joho anapanga kununua mashine ya kushona pindo, amwachie binti yake kazi ya majoho, yeye abaki na kazi ya kukata. Kuhusu swali la muuguzi, anasema naye aliwahi kuliuliza, mwanawe wa kwanza alipolazwa. "Nilimuuliza Mungu, nikamuuliza na jirani. Jirani ndiye aliyekuja na uji."

Jumamosi muuguzi alipita jukwaani amevaa skafu hiyo. Jumatatu saa nne mhasibu wa chuo alimpigia simu Mama Joho na kuagiza majoho ya mwaka ujao, pamoja na skafu sita za rangi mbili.