Wezi Wanne wa Baba Fatma

Kama ulikulia mtaa wa Umoja enzi zile televisheni ilikuwa na milango ya mbao na kufuli, na ufunguo unalala na mwenye nyumba, basi njoo tukumbushane. Hawa watoto wa siku hizi wanaweza kukaa pia, wakiweza kutulia dakika kumi bila kugusa simu.

Jumamosi yetu ilianza na sabuni ya kipande. Unafua yunifomu, unasugua viatu vya raba kwa mswaki uliozeeka, unapanga foleni ya maji na mtungi wako. Ukimaliza ndipo unaruhusiwa kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, ama brikicho ya kujificha, na kununua mabuyu yale mekundu yaliyokufanya ulimi uwe kama umepakwa rangi. Lakini hayo yote yalikuwa ya kupitisha wakati tu. Siku yenyewe ilianza saa nane, Baba Fatma akirudi kutoka dukani kwake Eastleigh alikokuwa akiuza vitambaa.

Baba Fatma ndiye aliyekuwa na deki ya vidio peke yake katika ploti yetu ya nyumba za kupanga. Masharti yake yalikuwa mawili: miguu ioshwe pale bombani, na anayelia arudi kwao. Tulijazana sakafuni watoto zaidi ya ishirini, wakubwa nyuma, wadogo mbele, na Mama Fatma akipitisha sinia la mahamri juu ya vichwa vyetu. Nyumba ilinuka iliki na soksi.

Sinema zilikuwa za Kizungu, na Kizungu chetu kilikuwa cha darasa la nne. Kwa hivyo Baba Fatma alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akitutafsiria. Yeye mwenyewe hakujua Kizungu kingi, ila alijua kusimulia. Kila mhusika alipewa jina la mtaani. Ile sinema tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya wezi wanne waliotaka kuiba taji la malkia kwenye jumba la makumbusho, wezi wajinga hujawahi kuona. Mnene alikuwa Kamau wa Huruma. Mwenye mafua, aliyepiga chafya kila walipojificha, tulimwita Makamasi. Tuliwashangilia hao kama timu ya mtaa. Tuliiona mara tano, na kila mara tulimwonya Makamasi aifunge pua yake.

Sasa, kosa lilikuwa langu. Jumatatu moja, baada ya shule, niliamua tucheze ile sinema. Nikajifunga kamba ya nguo kiunoni, Fatma na wenzake wakanishusha kutoka dirisha letu la juu hadi dirisha la jikoni la jirani, nikaibe taji, yaani sufuria. Mama yangu akaingia getini akitoka kazini, akanikuta nimening'inia kama shati.

Ujue wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeibiwa mashuka mawili kwenye kamba hiyo hiyo. Mama, mwana wa Bungoma na mama wa kanisa, alimchukia mwizi kuliko panya. Hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza tu, "Hayo umefunzwa wapi?" Nikasema. Akavua viatu vya ofisini polepole.

"Jumamosi nitakuja mwenyewe nione hiyo shule ya wezi. Nikiona ni wizi wanafunza huko, Nekesa, hutakanyaga tena ile nyumba. Na nitaongea na akina mama wengine."

Akina mama wengine walimsikiliza Mama. Akifunga mlango yeye, ploti nzima imefunga. Wiki hiyo watoto hawakuniongelesha vizuri, na wali sikuusikia utamu wake. Fatma alimwambia babake, na babake akakuna ndevu tu, akasema atajua la kufanya.

Ikafika Jumamosi. Mama akaja na kitambaa chake kichwani na sindano zake za kufumia sweta. Baba Fatma akamvutia kiti pekee kilichokuwa na mto.

"Karibu Mama Nekesa, karibu sana. Leo tuna sinema ya mafunzo. Hawa wanne ni wazee wa kanisa."

Fatma alinifinya paja. "Usicheke, tafadhali," akaninong'oneza. "Ukicheka tumeisha."

Sijawahi kuteseka hivyo. Kamau wa Huruma alishushwa kwa kamba kutoka juu ya jumba, na Baba Fatma akanyoosha kijiti: "Hapa wanatengeneza paa la kanisa, bila malipo." Wakalichukua taji kwenye sanduku la kioo. "Hiyo ni kofia ya askofu. Wanaipeleka kwa dobi." Makamasi akapiga chafya, king'ora kikalia, wakakimbia. "Kengele ya ibada hiyo, wanawahi." Wakatumbukia kwenye mtaro wa maji machafu, na hapo maskini Baba Fatma, Mwislamu wa kuzaliwa, akateleza: "Na hapa wanatia udhu kabla ya kuingia kanisani."

Mimi nilikuwa nimejaza hamri mdomoni ili sauti isitoke. Mvulana mmoja mbele yangu alikuwa ameinamia magoti akitetemeka mabega. Mama alikuwa anafuma tu. Sindano zilisema tik, tik, tik, na uso wake haukusema kitu.

Mwisho wa sinema wezi walichimba shimo chini kwa chini, wakatokezea katikati ya kantini ya polisi, saa ya chakula cha mchana. "Askari wamefurahi kuwaona," Baba Fatma akasema, sauti imeanza kukauka. "Wanawakaribisha chai."

Sindano zikanyamaza. "Na hizo pingu, Baba Fatma?"

"Hizo..." Akaitazama televisheni, akatutazama sisi, kama tungeweza kumsaidia. "Hizo ni bangili, Mama Nekesa. Zawadi."

Mama akacheka. Kwanza kicheko kilikuwa puani, halafu kikamshika mwili mzima, akaangusha sweta, akajifuta machozi na kile kitambaa. Na sisi tulioziba midomo saa nzima tukapasuka, hamri langu likaruka mpaka mbele.

Alipopata pumzi akasema, "Baba Fatma, mimi kazi yangu ni kupiga taipu. Kizungu ndicho ninachokula. Nimesikia kila neno la hao watu."

Chumba kikawa baridi ghafla. Baba Fatma akaficha kijiti mgongoni.

"Lakini yako ni tamu kuliko yao," Mama akasema, akiokota sweta lake. "Jumamosi ijayo mngojee hadi saa tisa, niwe nimemaliza kufua. Na wewe Nekesa, dirisha la watu nikuone tena."

Basi akawa mtazamaji wa kudumu, tena mwenye kelele kutushinda. Ndiye aliyekuwa akimpigia Kamau kelele kwamba askari yuko nyuma ya mlango. Nilimpenda sana siku zile, na sikujua kumwambia.

Leo naishi Buruburu, na televisheni yangu haina kufuli. Ni kubwa kama meza na hakuna anayeitazama. Jumapili iliyopita mchana nilimsikia binti yangu Imani akicheka peke yake chumbani, ilhali ana mtihani. Nikaenda kumkataza. Nikakuta ni wezi tena, kwenye simu, wanabeba kasha lisilopita mlangoni.

"Mathe, ni comedy tu," akasema, akitoa kidude kimoja sikioni. "Lakini imefika katikati, hutaishika."

Nikamwambia asogee. Akanipa hicho kidude, nikakitia sikioni, tukatazama mpaka mwisho vichwa vikigusana, na mtihani ukangoja. Tulicheka vizuri. Ila mtu akipita koridoni asingejua kuna lolote linaloendelea humo ndani.

Jioni nikampigia Mama huko Bungoma kumsimulia. Aliuliza kama wezi walishikwa. Nikamwambia walishikwa. Kisha akauliza, "Mlikuwa wangapi?"

"Wawili, Mama."

Akarudia, kama anayehesabu vichwa sakafuni kwa Baba Fatma: "Wawili."

"Pole," akasema.