DJ Aliyeiba Sauti Yangu Sasa Anataka Nimwimbie Mama Yake

Admin, ficha jina langu na la bendi yangu, ila hasira yangu iache kama ilivyo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, naishi Elerai hapa Arusha. Naimba kwenye harusi. Tuko wanne: gitaa, kinanda, ngoma na mimi. Kilichotupa jina ni kuwaingiza akina mama ukumbini. Mama mzazi anapopita katikati kwenda kukabidhiwa blanketi lake la heshima, namwimba kwa jina, nataja kwao, nataja watoto wake. Macho yangu yanakuwa kwenye miguu yake. Akienda polepole wimbo unapoa, akisimama kulia tunamsubiri, akianza kucheza tunampandishia. Hata wanaume hutoa leso.

Mwaka juzi tulipiga harusi moja na DJ kijana wa hapa mjini. Vyombo vilikuwa vyake, kwa hiyo sauti yangu ilipita kwenye mashine zake. Kumbe alinirekodi wimbo mzima! Akakata pale nilipotaja jina la yule mama, akabakiza "karibu mama yetu, karibu mama." Tangu hapo anaupiga kila harusi. Kamati zikaanza kuniambia, "Dada, si wimbo wako DJ anao? Bendi ya nini tena?" Jamani, nimefukuzwa kazi na sauti yangu mwenyewe. Mpiga ngoma wetu sasa anaendesha bodaboda, tunampata akiwa na nafasi.

Nilimfuata mtaa wa Kwa Mrombo, anakokodisha spika. Akacheka. "Sista, mbona unapaniki? Si nakutangaza bure? Siku hizi nani ana muda wa kungoja mtu akaze nyuzi za gitaa?" Wenzake wakacheka naye. Nilirudi nyumbani nikalia, na si kwa huzuni.

Sasa sikieni. DJ anaoa. Bibi harusi ni wa Tengeru, familia kubwa, na mama mzazi wa DJ amekataa katakata kuingizwa na mashine mbele ya wakwe. Amemwambia mwanawe, "Usiponiletea yule dada anayeimba, mimi nabaki nyumbani." Basi kijana akaja mlangoni kwangu, mpole. "Dada, naomba yaishe." Nikamwambia yameisha, karibu chai. Hayajaisha.

Mpango wangu ni huu. Nitamwingiza mama yake vizuri, nimtaje mpaka ukumbi mzima usimame. Akifika katikati, nanyamaza. Gitaa chini, ngoma chini. Nitasema kwenye kipaza sauti, "Bwana harusi, malizia na ule uliorekodi." Kisha tunafungasha na kuondoka, kamati zote zilizonikataa zikitazama. Naosha vyombo huku nacheka peke yangu nikiiwaza hiyo siku. Mkuki kwa nguruwe, bwana!

Tatizo ni huyo mama. Juzi alinipigia simu. Nikamwamkia shikamoo, akasema, "Marahaba, mwanangu. Nyonga imeharibika, natembelea fimbo. Ule wa mashine utaisha mimi bado niko mlangoni, watu wananiangalia. Wewe si utaningoja?"

Nikajibu, "Nitakungoja, mama." Mdomo ulijibu kabla sijaupa ruhusa.

Harusi ni Jumamosi. Mpiga gitaa anasema tusirudi nyuma, kijana ametuharibia maisha, naye aharibikiwe siku moja tu. Nami naona ana haki. Msiniandikie nimwachie Mungu, aliyerekodiwa ni mimi. Kumsamehe simsamehe, hilo msipoteze vocha zenu. Ninachotaka kujua ni kimoja: nitampigaje huyu kijana, na katikati yetu amesimama mama yake na fimbo, ananisubiri niimbe? Nishaurini.