Tarehe Aliyoiacha Wandera

Maneno yale Aluoch aliyajua vizuri. Kwa miaka sita alikuwa ameyaona yakiwatokea wengine: mwanafunzi anaketi mbele ya kompyuta, anabonyeza jina lake, na kisanduku cha kijivu kinamwambia kwamba muda wa akaunti yake umekwisha, amwone msimamizi. Asubuhi ile ya Jumamosi, siku ya mwisho ya Juni 2007, yalimtokea yeye.

Alibonyeza tena. Kisanduku kikarudi. Akaizima kompyuta, akahesabu hadi ishirini, akaiwasha, akasubiri imalize kukohoa, akabonyeza "Mgeni", jina la akaunti aliyoitumia. Kisanduku.

"Banange," alisema peke yake, maana miaka minane ya Kampala ilikuwa imemfundisha kushtuka kwa Kiganda.

Alikuja na mumewe Wandera mwaka 1999 kutoka upande wa Kenya, wakapanga chumba kimoja cha mbele huko Kisugu, yeye na cherehani, Wandera na vitabu vyake vya kompyuta. Baada ya miaka miwili cherehani iliuzwa ili fedha za kompyuta zitimie. Tangu hapo mchana ulikuwa wa Aluoch kuwachapia wateja: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya madrasa. Jioni ilikuwa ya Wandera na wanafunzi wake. Kila mwanafunzi alifunguliwa akaunti yake, na Wandera akaiwekea tarehe ya mwisho, siku ambayo mwezi wa masomo ungekwisha. Hakuwa mtu wa kumwambia mwenzake ana kwa ana kwamba siku zake zimekwisha. Aliiachia mashine iseme, naye akajifanya yuko nje anaongea na simu.

Akaunti ya Mgeni ilifunguliwa kwa ajili ya wateja waliotaka kuandika wenyewe. "Tumia hiyo kwa sasa," Wandera alimwambia mkewe siku kompyuta ilipoingia. Kwa sasa hiyo ikawa miaka sita. Humo ndimo alimoweka kazi zake zote, na humo ndimo ulimokuwa mtihani wa kesho wa Mwalimu Mansur, ambaye angeufuata saa sita mchana. Mwalimu Mansur alikuwa mteja wake mkubwa, na ndiye pia mwenye chumba.

Aluoch akampigia simu Moreen, fundi wa kompyuta wa Kalerwe, Mkenya mwenzake, ambaye alifika juu ya bodaboda na mkoba wa bisibisi begani.

"Inasema nini, dada?"

"Muda umekwisha. Akaunti yangu, Moreen! Si ya mwanafunzi."

"Usipige kelele, haisikii. Ni betri ya saa hiyo. Umeme huu wa kukatika kila siku umeimaliza, saa imeruka, sasa mashine inadhani tuko mwaka wa elfu mbili na arobaini. Nimeona kumi hivi mwezi huu."

Aluoch akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Betri! Moreen akaiwasha upya, akabonyeza kitufe kabla picha haijatokea, na ukurasa wa buluu ukafunguka. Tarehe ilikuwa juu, kwa herufi nyeupe: thelathini Juni, 2007. Saa ilikuwa sahihi kuliko ile ya ukutani.

Moreen aliacha kutafuna ubani wake. "Saa haijaruka," alisema.

Walirudi kwenye ukurasa wa majina. Moreen akabonyeza funguo tatu kwa pamoja, mara mbili, akaandika jina la msimamizi mkuu, lile ambalo mashine huzaliwa nalo, bila paswadi yoyote. Mashine ikamfungulia.

"Aki, wote husahau kufunga huku nyuma." Akafungua kidirisha cheusi, akaandika amri, na mistari ikateremka. Akaufuata mmoja kwa ncha ya bisibisi. "Hapa huwa pameandikwa 'kamwe'. Yaani akaunti haina mwisho. Yako ina tarehe ya leo."

"Imejiweka?"

"Haijiweki. Mtu ameiandika kwa mkono."

Aluoch alikaa. Paswadi ya Wandera hakuijua, wala hakuna mtu mwingine aliyeijua. Na Wandera aliondoka mwanzoni mwa Machi kwenda Busia kumzika baba yake, akabaki huko kwa ajili ya mashamba. Alipiga simu kila Jumapili. Kwa hiyo tarehe hii iliandikwa kabla hajaondoka, labda jioni ileile Aluoch alipokuwa akimpigia pasi shati la mazishi, naye Wandera ameketi hapa, mgongo umeelekea kitanda.

"Labda alikuchanganya na mwanafunzi," Moreen alisema upesi. "Wanaume wakiwa na msiba..."

"Labda," alisema Aluoch, na akaishika labda hiyo kwa mikono miwili.

"Hodi!" Mwalimu Mansur aliinama mlangoni na kanzu yake nyeupe, akatazama chumba kizima, kuanzia rafu za karatasi hadi pazia la kitanda. "Mwanangu, mbona sioni hata boksi moja? Mnasafiri mkono mtupu?"

"Kusafiri wapi, Mwalimu?"

"Si leo ndiyo siku? Bwana wako alinambia mwezi wa tatu. Kodi alilipa mpaka leo, mnarudi kwenu. Mpangaji mpya anaingia Jumatatu, na hii mashine wameelewana inabaki kwake." Tabasamu lake likaanza kupungua. "Alisema wewe ndiye uliyetaka."

 Bisibisi ya Moreen ilianguka, ikabingirika hadi chini ya meza, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Aluoch akachukua simu. Ilipokelewa baada ya kuita mara moja.

"Wandera. Nani aliiwekea tarehe akaunti yangu?"

 Nyuma ya Wandera kitoto kichanga kikalia, na mwanamke akakibembeleza. Aluoch na Wandera hawakuwa wamejaaliwa mtoto.

"Nilitaka kukwambia," alisema Wandera. "Kila Jumapili nilitaka."

"Ukaiambia kompyuta."

"Aluoch, usifanye hivyo. Nitakutumia nauli."

"Ya kwenda wapi?"

"Si kwenu bado kupo?"

Aliiondoa simu sikioni, akaitazama kama kitu kilichookotwa barabarani, akaikata. 

Mwalimu Mansur alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wanafunzi, kofia mkononi. "Karibu miezi minne napita mlangoni hapa nikijua," alisema taratibu, "nikidhani unajua. Nikimwambia mke wangu, yule mwanamke ana moyo, anaondoka na wala halalamiki. Subhanallah. Amenifanya shahidi wa uongo."

"Nusu ya mashine hii ni cherehani yangu, Mwalimu."

"Ya mashine atayajibu aliyeiuza. Ya chumba ni yangu." Akaivaa kofia. "Yule mtu nilimwahidi chumba kitupu. Chumba si kitupu. Nitampigia leo, anitukane akitaka. Wewe kaa."

Aluoch aliitikia kwa kichwa.

"Tarehe nimeifuta," Moreen alisema kwa upole. "Imerudi 'kamwe'. Ingia sasa."

"Siitaki hiyo. Fungua mpya. Andika Aluoch, na unihamishie kazi zangu zote. Na hiyo mpya ndiyo iwe msimamizi."

Ilipofika zamu ya paswadi, Moreen alitazama dari, na Mwalimu Mansur akageukia ukuta kabisa, kama mwanamume aliyemkuta mwanamke bila ushungi. Aluoch aliandika, vidole vikateleza, mashine ikakataa. Akaandika tena. Ikakubali.

"Na ya Wandera?" Moreen aliuliza. "Niifute?"

"Usiifute. Iwekee tarehe."

"Ipi?"

"Ya leo."

Moreen akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha, akaandika alichoambiwa. Aluoch akaufungua mtihani wa madrasa, akaiwasha printa. Hakugeuka, maana machozi yalikuwa yamefika na hakutaka mwenye chumba ayaone.

"Mwalimu," alisema akiitazama karatasi ya kwanza ikitoka, "ulisema nakala arobaini, au hamsini?"