Sauti Niliyoiondoa kwenye CD Yetu

Nilipaswa kukataa siku ile mwenye studio aliponiambia niondoe sauti ya rafiki yangu. Tulikuwa tunakusanya kwenye CD moja nyimbo kumi za kikundi chetu zilizopendwa zaidi mjini Baraka. Saba kati ya hizo alikuwa ameziimba rafiki yangu huyo, mtoto wa wafugaji wa mlimani, na vita vilikuwa vimewatenganisha watu wa mlimani na sisi wa ziwani.

"Mukubwa, ukiweka ule muntu wa kule juu, CD itabaki ku meza," alisema mwenye studio.

Niliwaogopa watu wangu, nikakubali. Zile saba niliziimba upya mwenyewe, hata ule wimbo aliotunga alipomzika mama yake. Sauti yake ikafutwa kwenye mashine, mahali pekee ilipokuwa imehifadhiwa.

CD ilipomfikia, alinipigia simu, akiniita Yaya, yaani mkubwa wake, kama kawaida.

"Yaya, nimesikiliza zote kumi. Mi niko wapi?"

Nikaanza kumweleza maneno ya mwenye studio.

"Hata ya mama yangu, Yaya?"

Hakupokea simu yangu tena. Mwaka jana alikufa huko mlimani, na watoto wake wakaniomba sauti ya baba yao. Sikuwa nayo. Nilimpoteza rafiki yangu, na wao niliwapotezea sauti ya baba yao.